Penseli ya Mama Vyura

Mpangaji wangu wa chumba cha uani tunamwita Mama Vyura. Kila chura, mjusi au nyoka anayemwona humwandika daftarini, kwa penseli, maana wino hufutika mvua ikinyesha. Havai bangili wala hajipaki manukato. Kucha amezikata mpaka kwenye nyama, na sauti yake haipandi hata akitania. Chura akilia, hufumba macho na kukaza shingo, ndipo huandika. "Mtu mzima na akili zako, unaandika habari za chura!" nilimwambia siku moja. "Wenyewe hawajui kuandika, mzee."

Juzi mchana nilikuwa ghalani nikipanga magunia, yeye yuko mlangoni akichungulia mijusi ukutani. Swila akajitokeza katikati yetu, shingo kaitanua. Mimi niliyezoea kupatana na kila mtu nikarudi nyuma, nikaegemea gunia. "Fumba macho, mzee, huyo hutema. Usisogeze hata kidole." "Muue!" "Nyamaza." Nikafumba. Kitu kikajiburuza sakafuni, kikapita. Nilipofumbua, nyoka alikuwa ameshatokomea nje, na Mama Vyura ameshika penseli kwa mikono yote miwili, nayo bado inatetemeka juu ya karatasi tupu. "Kumbe nawe unaogopa?" "Kila siku." Akaandika mstari mmoja, akasita. "Mkia mrefu vile ni wa dume. Na msimu huu dume haingii ndani bure, humfuata jike." "Jike yuko wapi?" Alininyooshea mkono taratibu, macho yake yameganda kwenye gunia nililokuwa nimeliegemea.