Uzi wa Tatu wa Ndululu

Mimi Ndinda sikuwahi kupenda gitaa. Nasema mapema ili mtu asidhani nampamba shemeji yangu. Ndululu alipomwoa dada yangu Mutanu, hapa Kilungu, nilimwambia dada wazi: umeolewa na kelele. Akacheka. Boma letu na lao yametenganishwa na ua tu, kwa hivyo hiyo kelele nimekula nayo miaka yote.

Gitaa lake hulilaza mapajani, halafu hutelezesha juu ya nyuzi kipande cha chuma alichokata kwenye bomba la maji. Likilia, ni kama mtu. Hilo nakubali. Lakini kabla halijalia, woi! Ni kukaza na kulegeza mpaka chai inapoa. Uzi wa tatu ndio mkaidi. Ukipigwa pamoja na wenzake sauti inatetemeka, wau-wau-wau, naye Ndululu analegeza kidogo, kidogo tena, mpaka mtetemo unaisha na nyuzi zote zinalia kwa koo moja.

Masikio yake yalipoanza kuzeeka, maongezi aliyasikia, lakini huo mtetemo mdogo ukampotea. Basi Mutanu akawa masikio yake. Yeye jikoni anakoroga muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, mume mlangoni anazungusha vifungo vya nyuzi. "Bado," anasema Mutanu. "Bado. Bado... Hapo!" Mkono unasimama. Ilikuwa hivyo kila Jumamosi jioni, kwa ajili ya kanisa la kesho yake.

Musyimi, kiongozi wa kwaya, alimletea Ndululu simu inayopima sauti: uzi ukiwa sawa, taa ya kijani inawaka. Hakuwa na ubaya. Alitaka gitaa lipatane na kinanda cha kanisa, maana nacho kimepimwa hivyo hivyo. Ndululu akajaribu, na Mutanu akakunja uso.

"Huo uzi umepanda. Unatetemeka."

Ndululu akamgeukia Musyimi. "Nyuzi haziwezi kupatana zote kabisa, kwa hivyo simu yako inachukua hilo kosa inaligawa kidogo kidogo kwa kila sauti, ndiyo mtu aanzie wimbo popote anapotaka, juu au chini. Ni haki. Lakini mimi naanzia mahali pamoja tu, na huyu mama anataka uzi wake ukae nyumbani." Wakakubaliana kwamba gitaa likipigwa, kinanda kinyamaze.

Mutanu akafa mwezi wa Agosti. Kifua kilimbana, tukampeleka hospitali, akarudi kwa sanduku. Dada yangu wa pekee. Ndululu aliomba kitu kimoja tu: ampigie wimbo wake kaburini, nyuzi zikiwa vile alivyozipenda Mutanu.

Asubuhi ya mazishi alikaa mlangoni pa jikoni, gitaa mapajani. Musyimi akamsogezea simu. Uzi wa tatu ukakazwa, taa ikawaka kijani. Ndululu hakuiangalia. Aliniangalia mimi.

"Ndinda, hii maneno umeisikia miaka yote huko kwa ua. Niambie."

Mimi! Masikio yangu ni ya kuita mbuzi. Lakini alipopiga, nikasikia: wau-wau-wau. "Bado," nikasema. Akalegeza. "Bado." Watu walikuwa wakingoja, mchungaji ameshika Biblia. "Bado." Halafu mtetemo ukaisha. Ukaisha kabisa! Ikatoka ile sauti ya Jumamosi, na dada yangu akawa pale, naapa, ameshika mwiko. Nikafungua mdomo niseme hapo, na neno likakataa kutoka. Lilikuwa lake, si langu. Machozi yakaja, na mkono wa Ndululu, kwa kuwa hakuambiwa asimame, ukaendelea kulegeza. Ukapita mahali pake.

"Bado?" akaniuliza.

Nikajifunika uso kwa leso. Mchungaji akasema saa zimeenda. Musyimi, kwa huruma, akamsaidia kuurudisha uzi kwenye taa ya kijani, na Ndululu akapiga hivyo. Watu walilia. Waliniambia shemeji yako amepiga vizuri sana. Mimi nilisikia uzi mmoja ukitetemeka mpaka kaburi likajaa udongo.

Sasa kila Jumamosi navuka ua. Najikaza. Nimejifunza kulisema hilo neno mahali pake, tena kwa sauti. Shemeji anasimamisha mkono, ananishukuru kwa heshima. Lakini akiwa analingoja hanitazami mimi niliyesimama mbele yake. Anatazama ndani, jikoni.