Nyoka Watano wa Mjomba Marwa

Mabua ya mahindi yaliyooza baada ya mvua yana harufu nzito, tamu kidogo, kama uji uliochacha. Hata leo harufu hiyo ikinifikia, meno yangu hukazana. Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi mlimani juu ya Sindo, ambako upepo wa ziwa huleta harufu ya dagaa wa omena wanaoanikwa mpaka jikoni. Baba alikuwa mvuvi na mara nyingi hakuwepo. Mama alikuwa Mkuria wa Ntimaru aliyeolewa Ujaluoni, na kwa kuwa Kijaluo chake hakikuwahi kunyooka, nyumbani tulizungumza Kiswahili. Msimu ule wa mvua kaka yake, Mjomba Marwa, alikuja kutusaidia kusafisha nyuma ya ghala. Chini ya lundo la mabua alikuta mayai manane meupe yaliyogandana. Mtu mwingine angeitisha panga. Mjomba, ambaye alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye bustani ya nyoka, alichuchumaa, akatabasamu, akasema ni mayai ya nyoka wa nyumba, asiye na sumu, ambaye chakula chake ni panya. Panya walikuwa wametumalizia mahindi mwaka huo, kwa hiyo Mama alikubali tuwalee.

Kati ya manane walianguliwa watano, kila mmoja urefu wa kalamu, rangi ya chai ya maziwa. Mjomba aliwaweka kwenye ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa matundu, akatandika magazeti yaliyochanwa, akaweka kigae cha chungu wajifiche chini yake na kifuniko cha chupa chenye maji. Kabla ya kurudi Ntimaru alinikabidhi ndoo hiyo.

“Adhiambo, usiwashike,” aliniambia. “Kwao kila mkono ni mdomo wa kunguru. Waache wajivue gamba la kwanza, halafu wale. Wakishakula mara tatu bila kutapika, ndipo umguse mmoja, dakika mbili tu, umrudishe.”

“Na nikitaka kuwaona?”

“Macho hayashiki. Angalia.”

Siku ya tatu nilishindwa. Nilimtoa yule mdogo kuliko wote, nikamlaza kiganjani, akajikunja kama uzi unaovutwa, moyo wake ukidunda kwenye ngozi yangu. Nilimrudisha upesi, lakini kosa lilikuwa limeshatendeka. Wenzake walijivua magamba membamba kama ngozi ya kitunguu, wakameza vitoto vya panya ambavyo Mama alinitafutia ghalani. Yeye alijivua pia, lakini kila nilipomwekea chakula alijificha chini ya kigae. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hawakusema subira inavyouma unapojua kwamba wewe ndiwe uliyeharibu. Kila nikitoka shule nilikaa kando ya ile ndoo, kidevu juu ya magoti, mikono nimeikalia. Siku ya kumi na mbili alikula. Niliona kichwa chake kikipanuka, kisha donge likishuka polepole mwilini, nikalia kimyakimya nisimshtue.

Kesho yake, Jumamosi, Baba mkubwa alikuja kutoka Migori na marafiki wawili. Alikuwa kaka mkubwa wa Baba, mtu wa sauti kubwa na viatu vilivyong’aa, na kila mtu nyumbani alimpisha. Alipoambiwa kilichomo ndooni, alicheka, akafungua kifuniko, akatia mkono. Nilimwambia wametoka kula, wasiguswe. Hakunitazama hata kidogo. Alimwinua yule mdogo kwa katikati, akamning’iniza mbele ya marafiki zake kuwaonyesha ushujaa. Nyoka akatapika kitoto cha panya juu ya kile kiatu kinachong’aa, kisha akamdonoa kidole. Lilikuwa jeraha dogo lisilozidi mchomo wa mwiba, lakini Baba mkubwa alipiga yowe mbele ya marafiki zake. Alimrusha ukutani. Halafu, kwa sababu walikuwa wamemsikia akipiga yowe, aliipindua ndoo akawaponda wote wanne waliobaki kwa kisigino, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

“Mwana wa nyoka ni nyoka,” alisema. Kisha akamgeukia mama yangu. “Mama Adhiambo, haya ndiyo mambo ya kwenu Ukuria? Kufuga shetani kwenye boma la ndugu yangu?”

Mama aliinamisha kichwa. “Pole, shemeji,” alisema. Akachukua ufagio, akafagia, akaenda kuwapikia chai. Nami nilipewa kikombe nimpe Baba mkubwa kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka, nikampa. Mjomba aliporudi aliuliza swali moja tu: kama walikuwa wamekula. Nilimjibu kwamba wote, hata yule mdogo. Alinipapasa kichwa, akaenda kukaa nje.

Wanasema hasira hasara. Mimi ile hasira nimeilea. Baba mkubwa aligeuza mauaji yale kuwa hadithi ya kusimulia matangani na harusini, na kila mwaka nyoka walikua. Desemba iliyopita nilitoka Oyugis, ninakoishi sasa, nikaenda nyumbani na wanangu wawili. Baba mkubwa naye alikuwepo, na baada ya chakula alianza tena: siku hizi ni swila watano, kila mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima, waliokuwa karibu kuangamiza familia. Wanangu walimsikiliza vinywa wazi.

“Baba mkubwa,” nilisema, “walikuwa wachanga, urefu wa kalamu, na hawakuwa na sumu. Uliwaua kwa sababu uliogopa mbele ya wageni wako.”

Alinitazama. “Wewe ulikuwa mtoto,” alisema. “Huwezi kukumbuka.”

Nilipokuwa na miaka kumi maneno hayo yangenifunga mdomo. Sasa nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa kali, lakini nilitanguliwa. Mama, aliyekuwa akikusanya sahani, aliziweka chini.

“Mimi nilikuwa mtu mzima, shemeji,” alisema. “Nakumbuka. Ilikuwa hivyo alivyosema.”