Mafunzo Yangu Katika Kiwanda cha Asidi

Nilipofika mwaka wa mwisho wa kemia ya viwandani, ilikuwa kama familia nzima imejiandikisha chuoni pamoja nami. Dada yangu mkubwa, anayepokea wageni katika benki moja ya mjini, alinikalisha sebuleni kila Jumamosi, akajifanya mkuu wa wafanyakazi na kunihoji kwa Kifaransa bila kutabasamu. Mama alinishonea blauzi mbili nyeupe za pamba. Baba, mtoto wa fundi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga, hakujuana na wakubwa, lakini mdogo wake alikuwa na rafiki katika kiwanda cha asidi nje ya Lubumbashi, asidi ile ya kuyeyushia mawe ya shaba. Mvua zilipoanza, nikawa nimepata staji, mafunzo ya kazini, palepale.

"Ule mulango bantu banaulilia," baba mdogo aliniambia. "Usitoke pale kabla hawajakupa kazi."

Tulianza wawili, mimi na msichana wa darasa letu aliyetoka Kasomeno, aliyepanga chumba karibu na chuo. Enjeniere, mhandisi aliyetupokea, alituonyesha ukumbi wa mitambo kupitia kioo cha ofisi yake ya juu. Yeye mwenyewe hakushuka.

"Mutazoea," alisema.

Kuzunguka jengo lile hapakuota jani, ingawa porini kote nyasi zilikuwa zimeshachipua. Ndani, wafanyakazi waliongea kwa mikono, kwani aliyefungua kinywa alianza kukohoa. Bomba moja kubwa lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa mpira wa gari. Kila tulipouliza, tuliambiwa kipuri kiko njiani. Barakoa zilikwisha, nasi tukajifunga leso.

Nyumbani sikusema kitu. Walikuwa na furaha mno. Baba aliwaambia watu wa parokia kwamba karibu atakuwa na enjeniere nyumbani.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Akifua, alikuta vitundu kwenye mikono ya blauzi, akavitia viraka kimya kimya. Wiki iliyofuata, alipoikamua, kipande cha mkono kilibaki kiganjani mwake. Aliianika, ikakauka, akaja kuitandika mezani mbele ya baba tulipokuwa tunakula.

"Kama nguo inakuliwa hivi, mapafu ya mutoto iko namna gani?"

Baba aliitazama. "Karibu anamaliza staji."

"Minakuuliza mapafu."

Baba aliacha kula. Akanigeukia na kuniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza tangu nianze: "Kule munafanya nini, kweli kweli?"

Nikamweleza yote, hadi lile bomba.

Asubuhi hakwenda kazini kwake. Alipanda gari pamoja nami, akajionee mwenyewe. Mlinzi alimzuia getini, naye akasema kwa upole kwamba atangoja palepale, nje ya ukuta wa waya.

Kabla ya saa sita nilisikia mlio mwembamba, kama wa sufuria inayochemka. Ukungu mweupe ulishuka kutoka juu, ukafunika mitambo, kisha watu. King'ora hakikulia. Rafiki yangu yule wa Kasomeno alinishika mkono tukakimbia macho yamefungwa, tukigonga vyuma, mpaka niliposikia baba akiita jina langu. Alikuwa amevua shati na kulilowesha kwenye bomba la maji. Alilipitisha chini ya geti, tukajifuta nalo uso kwa zamu.

Enjeniere alishuka siku hiyo. Alituangalia tukitapika.

"Hakuna kitu," alisema. "Murudie kesho."

"Huyu hatarudia," baba alijibu. Kisha akamwuliza rafiki yangu, "Na weye, mwana?"

Aliinamisha kichwa. "Kwetu banasema nivumilie, papa."

Baba mdogo alikasirika, hakukanyaga kwetu mpaka Pasaka. Dada alitumia saa zake za mapumziko kuzunguka nami ofisi hadi ofisi, na baba akatungojea nje ya kila mlango. Mwishowe nilipokelewa na maabara ndogo ya kupima maji ya kunywa, na ndiko ninakofanya kazi hadi leo. Baridi ya Juni ikifika, kikohozi hurudi.

Rafiki yangu aliajiriwa kule kiwandani. Mwezi uliopita nilikutana naye sokoni. Aliongea kwa kunong'ona, nikadhani ana siri, nikamsogezea sikio. Haikuwa siri. Ndiyo sauti iliyombakia. Aliuliza kama kule maabara wanachukua watu.

Nilipofika nyumbani nikawaeleza wazazi. Mama alikaa chini.

"Umwambie akuje hapa kwanza," baba alisema. "Kazi tutaitafuta akiwa hapa."

Nilimpigia simu jioni ile, haikupokelewa. Kesho yake nikapiga tena, ikapokelewa na mtu nisiyemjua, nyuma yake wanawake wakiomboleza, akauliza mimi ni nani wake.