Bukta Mbili, Fundi Mmoja

Ukitaka kumjua dada yangu, usianze na uso wake. Anza na mgongo, maana ndio anaowapa watu kutwa nzima akiwa ameinamia cherehani. Uso wake huuoni mpaka uwe na kazi ya kumpa, na hata hapo anautazama mwili wako kwanza, macho yenu yanakutana baadaye. Ni fundi wa nguo za wanamasumbwi: bukta, majoho, na ule mkanda mpana wa kiunoni ambao mafundi wengine wakiushona unajikunja raundi ya kwanza tu.

Shemeji yangu alipofariki, alimwachia dada cherehani moja, mtoto mmoja wa kiume, na mimi mdogo wake, ambaye wakati huo nilikuwa sina mbele wala nyuma. Mimi dada alinipa pasi. Mtoto alimruhusu aende ukumbi wa mazoezi wa jirani, akiamini atachoka mwenyewe. Hakuchoka. Sasa wanamwita Tofali, na siku ninazozisimulia alikuwa anajiandaa kupigania ubingwa wa uzito wa juu kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Bingwa alikuwa Kontena. Jina limemkaa, akiingia dukani kwetu, sisi wengine inabidi tupishane kwa zamu. Na dukani kwetu alikuwa akiingia kweli, kwa sababu tangu pambano lake la kwanza bukta zake anashona dada yangu. Mabondia wote wawili, wateja wake. Hapo ndipo ilipokuwa kazi.

Mbele ya duka letu kuna benchi, na wiki ile benchi lilikuwa bunge. Upande wa Tofali alisimama kinyozi wa mlango wa pili. Upande wa Kontena, muuza mitungi ya gesi. Kinyozi alisema Kontena amezeeka, raundi ya sita ikifika anahema kama mtu aliyepandisha kabati ghorofani. Muuza gesi akamwambia raundi ya sita haitafika, kwani ile ngumi ya kushoto ya Kontena ikikukuta, hesabu ya mwamuzi unasimuliwa na ndugu. Kinyozi akasema Tofali ana miguu. Muuza gesi akasema hata kuku ana miguu. Mteja mmoja wa kinyozi alikaa kitini na nusu ya kichwa imenyolewa, akisubiri hoja iishe, mpaka akachoka naye akaingia kwenye mjadala. Mimi nilikuwa nawajibu kupitia dirishani, pasi mkononi. Ningenyamaza vipi, mjomba mtu?

Ila walichokitaka hasa kilikuwa ndani kwa dada. Walitaka vipimo. Kontena ameongezeka kiuno? Tofali amepungua mapaja? Wakamwamkia kwa adabu wasiyokuwa nayo, wakamsifia kitambaa, wakamletea soda. Soda alikunywa.

Dada hapimi kwa namba. Kila mteja anamkatia utepe wake kutoka kwenye kitambaa cha bitana, anamzungushia mwilini, kisha anautia pengo dogo kwa mkasi: hapa kiuno, hapa bega, hapa paja. Pengo lipi ni la nini, anajua yeye peke yake. Kazi ikikamilika, mteja anakabidhiwa nguo pamoja na utepe wake, aende nao kwake. Na wakati wa kupima mlango unafungwa, hata mimi natolewa nje na pasi yangu. Mwili wa mtu si tangazo, ndivyo anavyosema.

Joho la Kontena lilipofika mezani kwangu kupigwa pasi, nikaona jambo. Tundu la mkono wa kushoto lilikuwa pana kuliko la kulia, na chini ya kwapa dada alikuwa ameficha kipande cha ziada, kimekunjwa vizuri, ili mtu aweze kulivaa bila kuinua mkono. Mkono wa kushoto. Ule ule ambao muuza gesi alikuwa akiuimbia asubuhi mpaka jioni. Bega la Kontena lilikuwa bovu, na hapo barazani hakuna aliyejua.

Nikamuuliza dada. Akaniambia nipige pasi.

Nikamwambia yule anayekwenda kupigwa na mkono huo ni mtoto wake wa kumzaa. Akijua, atalifuata bega lile lile na kurudi nyumbani mapema na meno yake yote. Asipojua, atakaa usiku mzima akiukwepa mkono ambao huenda hata hauinuki. Dada akasimamisha cherehani, na yeye cherehani haisimamishi ovyo.

"Ukilitoa hilo nje," akasema, "utafute na pasi ya kwako."

Nikarudi kwenye pasi. Lakini nilivimba kama andazi, maana mimi siri hainikai vizuri tumboni, sembuse ile.

Kesho yake Tofali akaja kujaribu bukta. Nikatolewa nje kama kawaida, nikakaa uani, ambako ukuta ni wa mbao na mbao zina nyufa. Walianza na habari za nyumbani, kisha nikamsikia mpwa wangu akimuuliza mama yake kuhusu Kontena, yukoje. Akamuuliza na kama kuna kitu anachokijua.

"Najua," dada akasema.

"Basi niambie."

"Hapana."

Mpwa wangu ni mtu wa pole, watu wakubwa mara nyingi wako hivyo. Sijawahi kumsikia akimpandishia mama yake sauti, na hata siku ile haikupanda, ilishuka. "Mama, uko upande wa nani?"

"Nikiwa na mkasi mkononi, mimi ni fundi," dada akamjibu. "Nikiuweka chini, mimi ni mama yako, na usiku huo sitakunywa hata maji mpaka nijue umetoka salama. Lakini sikuambii."

Tofali akatoka. Alinipita uani bila salamu, chakula alichowekewa hakukigusa. Nilimwonea dada huruma na nikamkasirikia papo hapo, yote mawili kwa nguvu sawa. Jioni nikamwona akifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema ni vumbi la pamba. Sikubishana naye, ingawa kitambaa tulichokuwa nacho mezani kilikuwa satini.

Benchi likapata habari, sijui kwa nani. Safari hii si kwangu. Mjadala wa nani atashinda ukawekwa kando. Kinyozi akasema mama wa namna ile hajapata kumwona, anamtoa mwanawe kafara kwa ajili ya mteja. Muuza gesi akacheka. Alisema hakuna mama anayeweza kuficha jambo kama hilo, ule ugomvi ni maigizo tu na Tofali ameshaambiwa kila kitu. Maneno hayo yakapanda kwenye pikipiki pamoja na mitungi yake, yakafika mpaka kambi ya Kontena.

Siku ya kuchukua nguo, kocha wa Kontena akaingia kwanza, bingwa mwenyewe nyuma yake. Kocha alitaka joho kama lilivyo, limeisha halijaisha, wangetafuta fundi mwingine. Wakati huo huo Tofali naye akatokea mlangoni, amekuja kuchukua bukta yake. Barazani hata mashine ya kinyozi ilizimwa.

"Fundi," kocha akasema, "umemwambia nini mwanao?"

Dada akafungua mdomo, lakini Tofali akamtangulia.

"Nilimwomba," akasema. "Nimezaliwa naye, na nilimwomba kwa mdomo wangu, akaninyima. Nilikasirika, siku mbili sikuja hapa. Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia huwa navua shati humu humu."

Kontena akamgeukia kocha wake, akamwambia si nilikuambia, na akamwambia dada, "Mama, malizia tu taratibu. Mimi nasubiri." Akatoka, akaketi kwenye benchi. Kinyozi na muuza gesi wakabanwa kila mmoja kwenye ncha yake, na mchana ule hakuna aliyetabiri chochote.

Kontena alipoondoka na joho lake na utepe wake, tukabaki sisi watatu. Dada akaikata nyuzi bukta ya mwanawe, akaikunja, akaweka mkasi chini. Tofali akamsogelea, akauliza kwa sauti ndogo, "Na jambo langu?"

"Lako ninalo."

"Hata Mjomba hajui?"

"Hata mjomba wako."

Nikaiweka pasi kando. Bukta ile niliipiga pasi kwa mikono yangu, nje na ndani, na sikuwa nimeona kitu. Nikauliza lako lipi, una nini, unaumwa wapi. Wakanigeukia wote wawili, mama na mwana, macho yale yale, midomo imefungwa namna ile ile. Kisha Tofali akacheka, akamshika mama yake mabegani, akakaa hivyo kwa muda, na dada akamwacha.

Nikatoka nje. Kinyozi akaniwahi, akataka kujua sasa, kwa ukweli wa Mungu, nani atashinda. Nikamwambia sijui. Maisha yangu yote sijawahi kujivunia neno hilo, lakini siku ile nililisema nikiwa nimetoa kifua mbele.