Midomo ya Kaka Padri

Juzi mjukuu wangu katangaza mezani kwamba anataka upadri. Nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele, mama yake akalia kwa furaha. Mimi nikaendelea kutafuna. Wakanisema, eti bibi gani asiyembariki mtoto! Hawakujua kwamba kwa mawazo nilikuwa nimesharudi kijijini Didia, kwenye ua wetu uliozungushiwa miti ya minyaa.

Sisi wa Didia ya zamani tulilelewa na moshi. Miti ilikuwa imekwisha, wewe mwenyewe unaijua Shinyanga, basi tulipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Kazi yangu ilikuwa kuyaokota machungani na kuyaanika. Moto wake ni wa taratibu, unaivisha kunde vizuri mno, lakini moshi wake, jamani! Bibi, mama yake baba, aliuinamia tangu usichana, na macho yake yakawa mekundu siku zote. Nilimpenda hivyo hivyo. Alinifungia michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye pindo la khanga, tukatafuna pamoja tukisubiri uji wa mtama.

Kiberiti kilikuwa adimu, na moto wa bibi haukuzimika. Kila asubuhi majirani walikuja kuomba moto. "Mwangaluka," wanasalimia kwa Kisukuma, wanachukua kaa kwenye kigae, wanapiga soga, wanaondoka. Ua wetu ulichangamka kabla jua halijapanda.

Kaka yangu alikuwa seminari. Baba hakutaka hata kusikia. "Huko ni kufunga mlango wa ukoo!" alifoka. "Wajukuu nitaletewa na nani?" Bibi ndiye aliyemshinda. Alisema kila ukoo unahitaji mtu mmoja ambaye hata mtu mbaya anaweza kumwendea. Kuna siku nayachukia maneno hayo.

Kisha jirani yetu wa upande wa kisima akafiwa na mtoto kwa homa. Akaenda kwa mganga anayepasua kuku na kusoma ramli ndani yake. Haukupita muda, kijiji kizima kikajua kuku kasema nini: aliyemroga mtoto ni mwanamke mzee, macho mekundu. Macho mekundu! Na kikongwe gani wa Didia hakuwa nayo, kwa moshi ule?

Asubuhi iliyofuata hakuja mtu kuomba moto. Wala iliyofuata hiyo. Bibi alichochea jiko, akafagia ua, akakaa. Niliwaona wanawake wakizunguka njia ya mbali na vigae vyao mkononi.

"Bibi, mbona hawaji?"

"Wameanza," akasema.

Shikamoo zangu njiani zikawa haziitikiwi. Baba akaanza kulala na mkuki mlangoni. Tulikuwa tumeshasikia habari za vijiji vingine, za vikongwe waliokatwa mapanga, na niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Padri mzee wa parokia akasikia. Alikuwa mgeni kutoka mbali, lakini Kisukuma alikijua kuliko vijana wetu. Akawa anakuja na baiskeli mchana kweupe, anasimama uani na kumwita bibi mama kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa: "Mayu, nipe moto!" Anawasha kiko chake kwa kaa la bibi, kisha anakula ugali kutoka mkononi mwake, watu wakichungulia kwenye minyaa. Msimu mzima hakuna aliyethubutu kumgusa bibi. Hapo ndipo nilipojua padri ni kitu gani.

Padri yule akaugua, akapelekwa Mwanza, hakurudi tena. Kaka alikuwa likizo nyumbani. Akasema seminari basi, atabaki amlinde bibi. Bibi akamfungia mzigo kwa mikono yake.

"Ukibaki utanilinda kwa panga," akamwambia, "na atakayekuja naye ni mtoto wa mtu. Nenda ukawe kama yule mzee."

Kaka akaondoka analia.

Walimwua bibi kwenye shamba la karanga, wakati wa palizi. Mimi ndiye niliyemkuta, nilikuwa nampelekea maji. Nilichokiona sitakisimulia. Hakukamatwa mtu. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia.

Miaka ikapita, kaka akapata upadri, akaja kusoma Misa yake ya kwanza kijijini. Ng'ombe wakachinjwa. Baba yule yule akacheza ngoma mpaka kofia ikamdondoka. Kabla ya Misa kaka aliketi kwenye kona ya kanisa kuungamisha, na jirani yetu wa upande wa kisima akapanga foleni. Nilikuwa natandika vitambaa altareni. Sikusikia neno, ila niliona mgongo wake ukitikisika. Alipiga magoti muda mrefu. Mkono wa kaka ukapanda kumwondolea dhambi, ukagoma hewani. Nikadhani hautashuka. Ukashuka.

Jioni nikamvaa.

"Ni yeye? Kaka, ni yeye aliyemwua bibi?"

"Usiniulize, mdogo wangu. Ya kitubio hayasemwi."

"Mimi ndiye niliyemkuta! Nina haki ya kujua!"

"Unayo," akasema. "Na mimi siwezi."

Huenda jirani aliungama wizi wa mbuzi tu, sijui. Najua kaka hakulala vizuri tangu siku ile. Wakampeleka kuhudumu Geita, kwa wachimba dhahabu, na huko nako watu walimwendea na mambo mazito, wakatoka wepesi. Jirani alipokufa kwa uzee, kaka ndiye aliyekuja kumzika. Nilisimama kaburini namkodolea macho, asinitazame hata mara moja.

Didia ile imekwisha. Minyaa imeng'olewa, shamba la karanga limejengwa nyumba za bati, na watoto wanaocheza pale hawajui kitu. Waliojua wote wamelala makaburini. Wa mwisho alikuwa kaka. Alipokuwa kitandani, pumzi zinahesabika, nilimshika mkono nikamwinamia sikioni. "Niambie sasa. Nani atakulaumu?" Alinisikia, maana machozi yalimtoka. Kisha akaibana midomo kwa nguvu, kama mtoto anayekataa dawa. Tulimzika nayo hivyo hivyo.