Korongo Lenye Kiuno

Mtaa mzima ulimwita Futikamba, kwa sababu kamba ya kupimia nguo haikushuka shingoni mwake hata siku za mazishi. Alishona miaka thelathini na minane. Macho yalipoanza kukataa kutunga uzi, alimwachia binti yake cherehani, akaenda kujitolea kwenye hifadhi ndogo iliyo nyuma ya soko. Huko aliokota chupa za plastiki, aling'oa magugu, na kila Jumamosi asubuhi aliwatembeza watu kando ya bwawa wakatazame ndege. Ujira wake ulikuwa ahsante, tena si kila wiki. Mkewe alilalamika kwa majirani kwamba wanawake wengine huletewa mke mwenza anayesuka nywele, yeye wake ana manyoya na anaishi kwenye matete.

Sasa matembezi hayo yalikuwa hatarini. Mvua ilikuwa imechimba korongo kando ya bwawa, nalo lilikuwa likiitafuna njia kidogo kidogo, kama mtoto anavyotafuna mkate kuanzia pembeni. Ofisi ya hifadhi haikuleta hata toroli moja la mawe. Ilileta barua: njia ikiwa bado mbovu mwisho wa mwezi, matembezi ya Jumamosi yatafungwa kabisa. Yaani aliyepaswa kuitengeneza njia ndiye anayeifunga kwa kosa la kutotengenezwa. Kuna watu watakuvua shati, kisha wakushtaki kwa kutembea kifua wazi.

Futikamba alikwenda ofisini mara sita. Mara zote sita aliambiwa meneja yuko kikaoni, na mara zote sita kikao kilinukia chai ya tangawizi. Mara ya saba hakwenda. Alishuka korongoni, akalipima kwa njia pekee aliyoijua, kisha akamtumia karani wa lango ujumbe wa simu amfikishie meneja:

"Korongo kubwa kando ya bwawa. Urefu futi nne, kifua inchi hamsini, kiuno thelathini na nane. Wiki iliyopita kiuno kilikuwa thelathini na tano. Linanenepa. Njooni haraka."

Karani, mama mwenye shughuli nyingi, alisoma korongo akaona mabawa. Hiyo "linanenepa" aliihesabu kuwa Kiswahili cha mafundi. Akaurusha ujumbe kwenye kundi la watazama ndege, ambamo meneja naye alikuwamo, kwani alipenda sana kupigwa picha akiwa na darubini.

Jumamosi walikuja watu thelathini na saba. Meneja alikuwa mbele, darubini yake ndefu kama chupa ya maji. Futikamba alipouona umati huo, aliwahesabu mara mbili. Miezi yote ile hakuna aliyejali, leo watu wameacha vitanda vyao kwa ajili ya shimo!

Wakaanza kutembea, wengine kwa ncha za vidole.

"Fundi," meneja alinong'ona, "hatakimbia?"

"Halina pa kukimbilia, bosi. Liko palepale tangu mvua ya kwanza."

Mwalimu mstaafu wa kike alitoa daftari. "Anakula nini?"

"Udongo, mwalimu. Juzi limekula nguzo ya uzio."

Mwalimu aliandika, akatazama alichoandika, akaweka alama ya kuuliza.

Meneja hakungoja zaidi. Aliinua darubini kuelekea matete, akapiga hatua tatu mbele bila kutazama chini, na ya nne haikupata ardhi. Vumbi lilipotulia, kilichoonekana juu ya njia kilikuwa kichwa, mabega na darubini.

"Ndilo hilo, bosi," Futikamba alisema kwa upole. "Hapo uko kiunoni."

Watu walicheka mpaka bata wakaruka bwawani. Meneja alisema kwa hasira kwamba yeye alikuja kuona korongo, ndege. Futikamba akajibu kwamba yeye aliandika korongo, shimo; angekuwa ndege, angeandika ananenepa.

"Sarufi yake haina kosa," mwalimu alisema, akafunga daftari.

Meneja alinyoosha mkono avutwe. Futikamba alichuchumaa ukingoni, lakini mikono yake aliiacha magotini.

"Mara sita nimekuja ofisini kwako hukuwepo. Leo upo. Matembezi yanafungwa au hayafungwi?"

Meneja alitazama juu. Simu zisizopungua ishirini zilikuwa zikimtazama.

"Hayafungwi," alisema. "Nivute basi, mzee wangu."

"Na mawe?"

"Jumatatu."

Wakamvuta. Jumatatu lori la mawe lilifika kabla karani hajafungua lango, na Futikamba alishinda hapo akiwasumbua vibarua, akiwaambia wasibane mawe sana, waache nafasi ya maji kupumua.