Mhandisi Asiyemtegemea Mtu

Ukiwauliza wenzangu wa Tarneit, huku magharibi ya Melbourne tulikojazana Makalasinga mpaka duka la Mgiriki linauza achari ya embe, watakwambia: "Harkirat? Yule anayesubiri ya kujitegemea?" Halafu watacheka. Siwalaumu. Hata mimi ningekuwa si mimi ningecheka.

Tuelewane kwanza. Mtu mwenye ujuzi anayetaka kubaki Australia ana njia mbili kubwa. Kuna viza ya kujitegemea: humtegemei mtu wala jimbo, unapewa ukaazi wa kudumu papo hapo, na unaishi popote roho yako inapopenda. Halafu kuna ya kudhaminiwa. Hiyo unasimamiwa na jimbo, au na ndugu yako wa damu anayeishi mikoani, nawe unakwenda kukaa hukohuko mikoani na kufanya kazi miaka mitatu ndipo upewe ya kudumu. Zote mbili unahesabiwa alama kama mtoto wa shule. Ya kujitegemea inataka alama za kutisha. Ya kudhaminiwa unaongezewa za bure, kwa huruma.

Mimi huruma siitaki. Mimi ni mhandisi wa barabara. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilishika kibao cha kuwaambia wenye magari wapunguze mwendo, lakini nilikishika kihandisi. Siku hizi nina dawati na kofia nyeupe, na ninapima lami. Mtu wa namna hiyo ataomba vipi ile ya mikoani, kama fukara?

Na baba yangu ndiye aliyenitia ufunguo. Mzee Malkiat Singh, kule kijijini karibu na Jagraon, alikuwa akikaa njia panda na wazee wenzake akijipiga kifua: "Mwanangu anapata ile ya kujitegemea. Hamtegemei mtu!" Alianza kusema hivyo kabla sijajaza hata jina langu. Ikawa sasa sipigani na serikali ya Australia tu, napigana na njia panda nzima.

Mwaliko wa serikali wa kuomba viza hiyo haukuja. Mwaka ukapita, alama zinazotakiwa zikapanda, mimi nikabaki palepale. Viza yangu ya muda ilikuwa inakwisha mwishoni mwa kipindi cha baridi, na ikiisha, mimi na mke wangu Navreet tunafunga mizigo. Navreet ni muuguzi katika wodi ya wazee, kazi anaipenda kweli, wagonjwa wanamwita binti yetu. Jioni moja alirudi, akavua viatu, akakaa mbele yangu.

"Bwana Mhandisi," akasema. Akiniita hivyo najua nimekwisha. "Mimi sirudi Jagraon kwa sababu ya kichwa chako kilichovimba. Kesho tunakwenda kwa wakala wa viza."

Wakala wetu, Bi Dilrukshi, ni mama wa Kisinhala mwenye sauti ya upole na macho ya hakimu. Akasema dhamana za jimbo zimejaa, ila ndugu wa damu aliye mikoani anatosha. "Una ndugu mikoani?"

"Mama, ndugu? Ninao tele!" Nikaanza kuwataja. Kaka Pamma ana shamba Shepparton. Mjomba Resham yuko Griffith. Kaka Tochi ana kituo cha petroli huko Mildura.

"Huyu Pamma, baba yake na baba yako ni ndugu?"

"Hapana, lakini tulilala chumba kimoja mwaka mzima."

"Resham ni kaka wa mama yako?"

"Ni rafiki wa mume wa dada wa rafiki yangu."

Bi Dilrukshi akaweka kalamu chini. "Tochi je?"

Tochi hata jina lake kamili silijui. Navreet alikuwa ameziba uso kwa shungi, mabega yanamtetemeka. Nilidhani analia.

"Yupo mmoja," akasema alipopata pumzi. "Wa damu kabisa. Mtoto wa baba yake mkubwa. Anaitwa Balkar, yuko Renmark, ana machungwa na zabibu. Raia."

Lo! Balkar! Kwenye meza zote za Tarneit nilikuwa namwita Waziri wa Machungwa. Nilikuwa namwigiza anavyotembea, anavyosema Kiingereza. Na hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba baba zetu walikuwa hawasalimiani tangu mimi nikiwa kijana, kisa pampu ya maji iliyokuwa mpakani mwa mashamba yao. Na baba yangu hakuishia kununa. Alifanya kama wanavyofanya watu wa kwetu wakikasirika sana: alikwenda kulipia tangazo gazetini. *Mimi Malkiat Singh natangaza kuwa sina uhusiano wowote na Darbara Singh wala kizazi chake. Atakayeshirikiana naye, ni juu yake mwenyewe.* Nyumba zao zinatenganishwa na ukuta mmoja. Mmoja akikohoa, mwingine anasikia. Ila udugu ulikuwa umefutwa kwa wino.

Jumamosi tukaendesha gari mpaka Renmark, siku nzima. Nilifanya mazoezi ya hotuba njiani. Balkar alitoka shambani na kofia ya majani, akanitazama kutoka kilemba mpaka viatu.

"Karibu, shemeji," akamwambia Navreet. Kisha akanigeukia. "Na wewe bwana ni nani?"

"Kaka, ni mimi, Harkirat."

"Harkirat yupi? Mimi sina ndugu wa jina hilo. Imeandikwa gazetini."

Nikaisahau hotuba yangu yote ya njiani. Navreet hakunisaidia, alikuwa ameshaanza kumenya chungwa. Nikasema nilichoweza: "Kaka, nimekosa pa kwenda."

Balkar akaniacha nisimame juani kidogo, nadhani kwa starehe zake. Halafu akacheka, akanishika shingo kama ndama, akaniingiza ndani. Mkewe akatuletea chapati za mahindi na mboga ya haradali inayoogelea kwenye samli, nikala kama niliyetoka jela.

"Mimi nasaini hata sasa hivi," Balkar akasema. "Ila shemeji alishanipigia kabla hamjaja, nami nikamuuliza wakala wako kwa simu. Inatakiwa hati ya ukoo, kwamba baba yako na baba yangu wamezaliwa na mtu mmoja. Mwenyekiti wa kijiji anagonga muhuri, lakini anataka ndugu wote wawili wakae mbele yake waseme kwa vinywa vyao. Na baba yangu amesema yuko tayari. Ataitoa hati kuukuu ya babu kwenye sanduku. Sharti lake moja: Malkiat aje mwenyewe, apite mlango wa mbele."

"Baba yangu hawezi, kaka. Atakufa kwanza."

"Basi mwambie asife kabla ya kipindi cha baridi kuisha," akasema, akaniongezea samli.

Nilimpigia Baba tukiwa bado Renmark, nikiwa nimesimama katikati ya michungwa ili nisisikike. Nikamweleza.

"Kwa hiyo," akasema, "unataka niende kwa Darbara nikapige magoti? Mimi? Niliyemwambia kila mtu kuwa mwanangu hamtegemei mtu?"

"Baba..."

"Subiri hiyo ya kujitegemea! Una haraka ya nini? Wewe si mhandisi?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Sijui ni samli, sijui ni uchovu. Nikaanza kulia, mtu mzima na ndevu zangu, peke yangu na machungwa. "Baba, nani amekwambia sitegemei mtu? Kodi ya nyumba analipa Navreet. Kazi nilitafutiwa na Pamma. Gari hili nimeazima. Tukirudishwa yeye anapoteza kila kitu, na kosa lake ni kuolewa na mimi. Sijitegemei, Baba. Sijawahi kujitegemea hata siku moja."

Akakata simu. Wiki nzima hakupokea tena. Nikajua yamekwisha, nikaanza kuulizia maboksi ya kufungia mizigo.

Kisha mama yangu akatuma ujumbe wa sauti, ananong'ona kama mwizi: "Kesho asubuhi anakwenda. Msimseme, msimuulize, atageuza nia."

Kesho yake nilikuwa na likizo. Kwetu ilikuwa mchana, kwao asubuhi. Navreet alikuwa anapasi sare yake. Nikafungua kompyuta kutazama mpira, nikakuta barua pepe. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Nikamwita Navreet aje aisome yeye, kwa sababu macho yangu siyaamini.

Mwaliko. Wa kujitegemea.

Navreet alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikaruka, nikagonga goti kwenye meza, nikaruka tena kwa mguu mmoja. Ya kudumu! Popote nipendapo! Nikamwona Pamma atakavyokodoa macho. Nikaanza hata kutunga maneno ya kusema, yale ya unyenyekevu wa uongo: jamani, ni bahati tu.

Ghafla Navreet akanishika mkono. "Baba yako," akasema. "Ameshatoka?"

Tukatazama saa. "Mpigie," akasema. "Mwambie arudi. Utamwokoa na aibu."

Nikashika simu. Kulikuwa na ujumbe mpya wa mama, wa sauti ileile ya mwizi: "Bado yuko kwenye kioo. Tangu alfajiri. Amevaa kile kilemba cha waridi alichovaa harusini kwenu, amekifunga amekifungua, amekifunga amekifungua. Ananiuliza kama kimenyooka."

Nilibaki na simu mkononi. Neno moja tu lingetosha. Angevua kilemba, angekwenda njia panda akatangaza, na angefurahi furaha ya mwaka mzima. Lakini kama safari hii ilikuwa ya karatasi tu, kilemba cha harusi cha nini? Mtu anakwenda mlango wa pili. Nikajua, na nilijua kwa uchungu, kwamba baba yangu alikuwa anatafuta sababu ya kuupita mlango ule miaka yote, na mimi mjinga ndiye niliyempa.

Nikaiweka simu kwenye kiti nikaikalia, ili mkono usinisaliti. Navreet alinitazama. Akarudi kupasi.

Iliponitetemekea chini ya makalio, saa kadhaa baadaye, nilikuwa nimekwisha kwa jasho. Ilikuwa simu ya video. Wazee wawili wamebanana kwenye kioo kimoja. Baba mkubwa Darbara amekonda, ndevu zote nyeupe. Baba yangu kilemba kimemwendea upande, na analia waziwazi, bila kujificha. Sikuwahi kumwona baba yangu analia.

"Huyu ndiye Harkirat?" baba mkubwa akauliza. "Mbona amenenepa hivi?"

"Ni chakula cha mwanao," Baba akasema.

"Alisimama mlangoni kama mdai," baba mkubwa akaniambia. "Hasemi, haondoki. Nikamwambia ingia basi, chai inapoa."

"Karatasi tayari!" Baba akadakia. "Muhuri umegongwa. Na sikiliza, wewe. Ile ya kujitegemea achana nayo kabisa. Hata wakikuletea, ikatae. Ile waachie watu wasio na ndugu!"

Kwenye meza yangu kompyuta ilikuwa wazi, na mwaliko unaniangalia.

"Ndiyo, Baba," nikasema.

Tuliuchukua ule mwaliko, sisi si wendawazimu. Tukapewa viza ya kujitegemea, inayomruhusu mtu kuishi popote apendapo, na tukahamia Renmark. Hospitali ya kule ilimpokea Navreet kwa mikono miwili, na mimi halmashauri ikanipa barabara za vumbi niziwekee lami. Balkar tulimwambia ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaapa kutosema. Tarneit hawakujua. Kwenye chakula cha kutuaga pale gurudwara, hekalu letu, Pamma aliyekuja kutoka Shepparton alinishika bega mbele ya watu. "Usijali, bwana mdogo. Ya mikoani nayo ni viza. Si kila kichwa kinapata ile nyingine." Mdomo ulinifunguka. Navreet akanikanyaga. Nikasema kweli kaka, tumshukuru Mungu kwa hiyo hiyo, na dengu ile sikusikia ladha yake.

Nilivumilia miezi minne. Siku moja sikuweza tena. Mtu hawezi kupata kitu alichokililia miaka yote halafu asimwambie hata baba yake. Nikasema potelea mbali, sasa wameshapatana, kuna ubaya gani? Nikampigia. Alikuwa uani kwa baba mkubwa, siku hizi ndiko anakoshinda.

"Baba, kuna jambo nataka nikwambie kuhusu ile viza..."

"Ngoja kidogo," akasema. "Kaka anaongea."

Nikangoja. Nikawasikia wanabishana kwa sauti, mama yao alimpenda nani zaidi, huyu anasema mimi, huyu anasema muongo mkubwa wewe, mama alikuwa anakupiga kila siku. Kicheko. Vikombe. Nikaendelea kungoja na simu sikioni, nimesimama kando ya barabara yangu ya vumbi, na hakuna aliyekumbuka kuwa nipo.